Dobi Povu na Ukoo wa Neno "Rival"

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani, uliong'olewa kwenye bawaba zake na kulazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha Dobi Povu. Kitasa kilikuwa kingali mahali pake, na aliyechelewa kufika ndiye aliyekikalia. Hapo walikusanyika kila asubuhi wale ambao kazi ilikuwa haijawaita, au ilikwisha kuwaita wakajifanya hawakusikia. Alikuwepo Mawimbi, fundi wa redio, mwenye bisibisi nyuma ya sikio na maelezo ya kila kitu isipokuwa redio za watu alizokaa nazo. Alikuwepo Nusu Padri, aliyesoma seminari mpaka akabakiza hatua chache avae kanzu ya upadri, kisha akaondoka kupitia dirisha la jikoni na Kilatini chake chote kichwani. Na alikuwepo Mama Birika, muuza kahawa, aliyekuwa na kauli ya mwisho katika kila mjadala kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika birika. Povu mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Alifua huku akisikiliza, na aliposhindwa kuvumilia aliloambiwa, alilikamua shati la mtu zaidi ya lilivyohitaji.

Asubuhi hiyo palikuwa na mtu wa tano. Fundi mchora vibao, ambaye wote walimwita Rangi, alikuwa juu ya stuli mbele ya ubao mweupe uliopigiliwa juu ya mlango wa kibanda. Alikuwa ameandika DOBI POVU kwa buluu iliyokoza, na chini yake NO, kisha brashi ikasimama hewani.

— Mbona umeganda? Povu aliuliza, mikono imezama kwenye karai mpaka viwiko. Umeishiwa rangi au nguvu?

— Nangoja uniambie hili neno linalofuata ni la nini.

— Wewe kazi yako kuandika. Kujua niachie mimi.

— Ndugu yangu, hayo hayo aliniambia mwenye mgahawa mmoja. Alinijia na neno amelikata kwenye boksi la bidhaa, akasema limemkaa vizuri machoni. Nikamwandikia kwa nyekundu, na kivuli cheusi juu yake: MGAHAWA EXPIRED, kumbe ndiyo kuisha muda. Mpaka leo nikipita mtaa ule nashika upande wa pili.

Mawimbi alicheka hata bisibisi likamtoka sikioni.

— Na chakula chake kilikuwaje?

— Jina lilikifaa. Ila si mimi niliyepaswa kuwatangazia watu.

Tangu siku ile Rangi alijiwekea sharti. Neno la kigeni haliandiki mpaka aambiwe maana yake na mahali lilikotoka, kama baba anavyomhoji kijana aliyekuja kuposa.

— Rival ni mpinzani, alisema Povu. No rival, sina mpinzani. Haya, andika, jua linapanda.

— Hiyo ni maana. Limetoka wapi?

— Limetoka nyuma ya lori la mchanga. Nimelisoma kwa macho yangu.

Haraka ya Povu ilikuwa na sababu yake, na benchi zima liliijua. Mlango wa pili, ukuta mmoja na wake, ulikuwa na kufuli tangu juzi. Ulikuwa mlango wa Buluu, dobi mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya buluu aliyoitia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Na kabla ya adhuhuri ya siku hiyo ndipo msimamizi wa nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi alipokuwa akileta mashuka ya wiki nzima. Mashuka hayo zamani yalikuwa ya Povu. Yakahama, yakaenda kwa Buluu, na Povu akaapa kwamba mtu yule hatamsikia akimwita hata kwa salamu. Leo mashuka yangefika, yangekuta kufuli, yangegeuza shingo. Povu alitaka yakigeuza shingo yakutane na kibao chake, hata kama rangi haijakauka.

— Mimi najua lilikotoka, alisema Mawimbi. Rival limetokana na river, yaani mto. Sikilizeni wenyewe, yanafanana kama mapacha. Waingereza walikuwa wanashindana kwa mitumbwi.

Nusu Padri aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka sadaka.

— River halikutokana na mto.

— River, ambalo ni mto, halikutokana na mto?

— Lilitokana na ripa. Kilatini. Ripa ni ukingo.

— Yaani waliyaona maji yote yale yanapita, wakaona wautaje udongo wa pembeni?

— Ndivyo.

— Basi hawa watu mimi siwaamini hata wakinitajia jina la kikombe.

— Mwache mzee amalize, alisema Mama Birika. Akikatizwa huwa anaanza upya tangu uumbaji.

Nusu Padri alijinyoosha. Alikuwa na sauti mbili: moja ya kuomba kahawa kwa mkopo, nyingine ya Kilatini, na hii ya pili ilikuwa imepigwa pasi.

— Neno hili babu yake ni rivus. Rivus ni kijito, au mfereji wa kumwagilia. Akazaliwa rivalis. Huyo ni mtu mnayetumia naye mfereji mmoja. Shamba lako huku, shamba lake kule, maji katikati. Walatini hawakusema kwamba ni adui. Walisema tu kwamba maji yenu ni yale yale. Uadui mliuongeza wenyewe.

 Kisha vichwa vyote, pasipo kuambizana, vikageukia bomba.

Bomba lilitoka barabarani, likaingia kwanza kwa Buluu, likatoboa ukuta, likamalizikia kwa Povu. Mmoja akifungua koki, mwenzake alibaki na uzi wa maji usiotosha kulowesha soksi. Na kwa kuwa wawili hao hawakuwa wakisemezana, walikuwa wamejitungia lugha ya chuma. Aliyetaka kusuuza aligonga bomba mara tatu kwa kijiko. Mwenzake, akiwa tayari kufunga koki yake, aligonga mara moja. Kwa lugha hiyo ya kugonga walikuwa wamefua nguo za mtaa mzima kwa miaka, bila neno moja kutoka vinywani mwao; kilichopita ukutani kilikuwa kikohozi tu.

— Kumbe, alisema Rangi kutoka juu ya stuli. Kumbe neno lenyewe ni la kwako wewe na Buluu. Watu wa Roma waliwaona mkija.

— Mimi nimeomba neno, alisema Povu. Sikuomba ukoo wake.

— Ukoo ndio unaoposwa, bwana.

— Ngojeni kwanza, alisema Mama Birika. Hao wanaume wawili, mzee, walikuwa wanafuata nini mferejini?

— Maji.

— Tangu lini wanaume wawili wakagombana kwa sababu ya kuchota maji? Mimi nimezaa wanaume watatu, sijawahi kumwona mmoja akiinua ndoo bila kusukumwa. Pale palikuwa na mwanamke. Maji ni kisingizio.

Walitaka kumcheka, lakini Nusu Padri alikuna kidevu na kuangalia pembeni.

— Mama huyu... hajakosea sana. Baadaye Walatini walilitumia neno hilo hilo kwa wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja.

— Si nimewaambia! Na wala sikutoroka seminari yoyote.

— Sikutoroka. Niliondoka.

— Kwa dirisha?

— Mlango ulikuwa na watu.

Mawimbi alikuwa ametulia mno, na Povu alijua kwamba Mawimbi akitulia, jambo baya linaiva. Kweli, fundi wa redio alisimama, akachomoa bisibisi na kulinyoosha kama mwalimu anyooshavyo fimbo ubaoni.

— Jamani, mmesahau nguo. Hao watu wa Roma walivaa nini? Mashuka! Mashuka meupe, mtu mzima na heshima zake. Nani aliyafua? Hapo hamjibu. Walikuwepo madobi wawili, mfereji mmoja. Wa juu akamwaga magadi majini makusudi. Wa chini akasuuza shuka la mkubwa mmoja, likatoka na doa la manjano, tena hapa nyuma, mahali pa kukalia. Mkubwa akaenda barazani hajui. Akageuka kuwapungia watu mkono. Watu wakaona.

— Wakacheka, alisema Rangi.

— Wakacheka! Na mkubwa akichekwa anafanya nini? Anatangaza vita. Vita vikaenda, vikarudi, hazina ikakauka, dola ikaanguka. Roma yote, sababu ni doa.

— Roma ilianguka kwa sababu nyingi, alisema Nusu Padri.

— Zote za kufua?

— Hata moja haikuwa ya kufua.

— Hujui. Uliondoka kabla ya somo hilo.

Kahawa ilimwagika kwenye suruali ya Nusu Padri kwa kicheko, na Povu, bila kuombwa, alimrushia kitambaa kibichi. Kisha akanyanyua karai la mashati yaliyokwisha kufuliwa, akalisogeza chini ya koki kwa ajili ya kusuuza. Akachukua kijiko kilichoning'inia kwenye msumari. Akagonga bomba: moja, mbili, tatu. Akasimama, sikio limeelekea ukutani.

Benchi zima lilikuwa likimtazama.

— Povu, alisema Mama Birika kwa upole wa kutisha. Unamgongea nani?

Povu akakitazama kijiko kana kwamba kimewekwa mkononi mwake na mtu mwingine.

— Nakung'uta kutu.

— Kutu inakung'utwa halafu inasikilizwa?

— Naye akijibu kutoka aliko, alisema Mawimbi, mimi nauza redio zote nahamia mabomba.

Povu alifungua koki kwa hasira. Maji yalitoka kwa kishindo, yakaruka karai, yakamlowesha kifua. Tangu juzi yalikuwa yakitoka hivyo, mazito, yote yake. Siku ya kwanza alikuwa ameimba. Jana alisuuza kazi ya asubuhi nzima kabla kahawa haijachemka, kisha akakaa ameshika magoti, hana la kungojea. Leo, kabla ya hasira hii, alikuwa akifungua koki nusu tu, na hakutaka mtu amuulize kwa nini.

— Lakini kweli, huyu bwana amekwenda wapi? aliuliza Rangi.

— Ameoa, alisema Mawimbi. Mwanamume hafungi biashara siku za kazi ila kwa harusi au polisi.

— Amekwenda kununua mashine, alisema Povu, na ilionekana kwamba jambo hilo alikuwa amelala nalo. Mashine ya umeme, ya mlango wa kioo, nguo zinazunguka watu wanatazama. Atarudi nayo kwenye gari, atanizika. Ndiyo maana nataka kibao leo.

— Mimi nasema amerithi, alisema Nusu Padri. Mjomba amefariki, ameacha nyumba.

— Mjomba gani?

— Kila mtu ana mjomba.

— Mimi nilimuuzia kahawa juzi asubuhi, alisema Mama Birika. Alirudisha kikombe kimejaa. Nikadhani ameitia kasoro kahawa yangu, nikamnunia.

 Rangi aliichovya brashi, akaipangusa kwenye ukingo wa kopo.

— Haya, bosi. Sharti langu limetimia, ukoo nimeujua. Ukitaka no rival, maana yake ni kwamba huna mtu unayechangia naye maji. Bomba lote ni lako. Niandike?

Povu alitazama barabarani. Kutoka upande wa stendi alikuwa akija mwanamke mrefu mwenye viatu vya kufunika, na nyuma yake mkokoteni wa mizigo wenye furushi jeupe kubwa kama ng'ombe aliyelala.

— Andika, alisema. Andika upesi. Ndiye yule anakuja.

Rangi aliandika R. Akaanza I.

Povu alijipangusa mikono kwenye aproni, akaivua, akaigeuza upande safi, akaivaa tena. Alikuwa ameitunga salamu yake tangu alfajiri: isiyo ya kunyenyekea sana, isiyo ya kiburi, salamu ya mtu ambaye mashuka ameyapata mengi na haya nayo atayatafutia nafasi. Msimamizi alifika, akaliangalia kufuli la Buluu, akaligusa kwa kidole kana kwamba ni jeraha. Kisha akawageukia.

— Hamjambo?

— Hatujambo, mama, karibu sana, alisema Povu, na salamu aliyoitunga ikamtoka yote kwa pumzi moja hata hakuna aliyeielewa. Mashuka yako lete tu. Jioni yatakuwa tayari. Maji leo yamejaa.

— Yachukue, alisema msimamizi, na kumwashiria mwenye mkokoteni ateremshe. Yachukue, wageni wangu hawawezi kulalia magodoro matupu. Lakini sikuja kwa ajili ya mashuka.

Furushi likatua miguuni mwa Povu, puu. Zito. Alikuwa amelingoja furushi hilo kwa muda mrefu, na sasa aliligusa kwa ncha ya kiatu, asijue alifanye nini.

— Huyu ndugu yenu, wiki iliyopita alipokuja kurudisha mzigo, alikaa kwenye ngazi zangu kupumzika. Ngazi zenyewe ni nne. Nikamwambia aende hospitali akapimwe. Akasema ataenda akimaliza kazi. Sasa nimepita pale mapokezi kuuliza kama alifika. Wameniambia wana wagonjwa wodi nzima, nitaje jina. Nikasema Buluu. Yule binti akanitazama, akasema mama, buluu ni rangi. Nikaona nije hapa, kwa watu wake.

Alisema "watu wake" bila kebehi, akiwaangalia mmoja mmoja.

— Anaitwa nani?

 Rangi alishuka stuli. Mama Birika alianza kupanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

— Anaitwa Buluu, alisema Mawimbi.

— Hilo ninalo. Jina lake. Alilopewa na wazazi wake.

— Mimi naweza kukueleza kwa nini aliitwa Buluu, alisema Nusu Padri. Ilikuwa hivi, kuna ile buluu ya kutia kwenye maji ya...

— Sijauliza hilo, mzee.

Nusu Padri akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa benchi kumwona akinyamaza akiwa bado na sentensi.

— Nyumbani kwake, basi? Ana mke? Ana dada?

— Ana mjomba, alisema Mawimbi kwa sauti ndogo, kisha akaona aibu.

— Mmefika Roma asubuhi hii, alisema Mama Birika, akiwaambia wao lakini akiyaangalia makaa yake. Roma, na kurudi. Nyuma ya ukuta huu hamjafika. Na mimi nilimnunia.

Msimamizi alimgeukia Povu.

— Wewe ndiye uliyetengana naye kwa ukuta tu. Wewe lazima unalijua.

Povu alijua mengi. Alijua kwamba mtu yule alianza na kola kabla ya mikono. Alijua sabuni yake, na kwamba aliikata kwa uzi ili isipotee hata chembe. Alijua alivyokamua: mara mbili kwa nguvu, mara ya tatu kwa huruma. Angeweza kusimama mbele ya hakimu na kusema, kati ya mashati kumi yaliyoanikwa, lipi lilifuliwa na mkono ule. Alilitafuta jina katika hayo yote, kama mtu anayepekua mifuko ya suruali kabla ya kuilowesha, na kila mfuko ulikuwa mtupu.

— Silijui, alisema.

— Miaka yote hii?

— Hatukuwa tunaongea.

Msimamizi alitikisa kichwa, akajifunga upya kitambaa chake, akageuka aondoke. Alikuwa amekwisha kupiga hatua kadhaa aliposikia aproni ikitupwa juu ya furushi.

— Mama, ningoje. Hiyo hospitali, wodi yake ina korido?

— Ina korido. Kwa nini?

— Wanaruhusu mtu kupita?

— Watakuuliza unamtafuta nani. Nimekwambia, bila jina hawafungui kitabu.

— Wasifungue, alisema Povu, akikamua maji kwenye mikono ya shati lake huku akimfuata. Waniache nipite tu koridoni, mlango mmoja hadi mwingine, wala sitachungulia. Jina lake silijui, mama. Lakini akikohoa, hata kama wamelala mia mle ndani, mimi nitakwambia ni yupi.

Nusu Padri aliinuka akawafuata, kisha Mawimbi, bisibisi mkononi. Mama Birika alimwaga kahawa iliyobaki juu ya makaa kuyazima, naye akawafuata.